Uwekezaji Wako Umezaa Asilimia Ngapi Hasa? Mwongozo Kamili wa Kupima Faida na Kujipanga kwa Yasiyojulikana

Tuchukue kikundi cha uwekezaji kilichofungua mwaka, Januari 1, 2024, kikiwa na mali ya shilingi 10,000,000. Kufika Juni 30 mali hiyo imepanda hadi 11,500,000. Kesho yake anaingia mwanachama mpya na shilingi 20,000,000 za kiinua mgongo chake. Soko linashuka, na Desemba 31 mali yote ina thamani ya shilingi 29,610,000. Je, kikundi kimepata au kimepoteza?

Mweka hazina anayejumlisha fedha zilizoingia, milioni 30, na kuzilinganisha na zilizopo, atasema wamepoteza shilingi 390,000, yaani asilimia 1.3. Anayeingiza kila kiasi na tarehe yake kwenye kompyuta ataona hasara ya asilimia 1.9 kwa mwaka. Anayegawa mali kwa vipande na kufuata bei ya kipande kimoja (tutaona namna yake hatua ya tatu) atasema kuna faida ya asilimia 8.1. Wote watatu wamepiga hesabu sawasawa. Kila mmoja amejibu swali lake, na ugomvi mwingi wa vikao vya mwisho wa mwaka huanza pale watu wanapobishana juu ya jibu kabla ya kukubaliana swali.

Mwongozo huu ni wa mtu au kikundi chenye mali mchanganyiko: vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hisa za soko la Dar es Salaam (DSE) au la Nairobi (NSE), hatifungani za serikali (karatasi za mkopo unaoikopesha serikali kwa riba), na akiba benki. Unahitaji Excel au Google Sheets na saa moja kila mwisho wa mwezi. Asiye na kompyuta ataona njia ya kalamu na karatasi pia.

Hatua ya kwanza: daftari la miamala

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye uwekezaji kinachotangulia kupotea ni tarehe. Watu hukumbuka waliweka kiasi gani. Waliweka lini, hawakumbuki. Bila tarehe hakuna asilimia ya kuaminika.

Weka safu saba: tarehe, aina ya mali, tendo (kununua, kuuza, gawio, riba), idadi, bei, ada na kodi, na fedha halisi iliyotoka au iliyoingia. Tarehe ya kuandika ni ile fedha ilipotoka au kuingia kwenye akaunti. Siku uliyompigia dalali simu haihesabiki. Andika kwa mtindo wa 2024-03-05, kwa sababu ukiandika 05/03/2024 kompyuta nyingine itasoma Mei 3 badala ya Machi 5, na hesabu yote itapinda bila kukuonya.

Ada ichukue kwenye hati ya muamala anayokupa dalali, usikadirie. Gawio na riba viandike baada ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa. Tanzania, gawio la kampuni iliyoorodheshwa sokoni hukatwa asilimia 5, na riba ya akaunti ya benki asilimia 10. Kenya, gawio kwa mkazi hukatwa asilimia 5 na riba ya benki asilimia 15.

Kuna kosa moja hapa linaloharibu madaftari mengi. Fedha inayotoka mfukoni mwako kwenda kwenye mkoba wa uwekezaji, yaani mali zote ulizowekeza kwa pamoja, ni mchango mpya. Gawio lililolipwa na kubaki ndani ya mkoba, kisha likanunua hisa nyingine, si mchango mpya. Ni faida iliyobadilisha sura. Ukiliandika kama mtaji ulioongeza, unaificha faida yako mwenyewe, na baada ya miaka mitano utadhani uwekezaji mzuri ulikuwa wa kawaida tu. Pigia mstari wa rangi miamala inayovuka mpaka wa mkoba, kuingia au kutoka. Hiyo peke yake ndiyo itakayoingia kwenye hesabu za mbele.

Kampuni ikitoa hisa za bakshishi au ikigawanya hisa zake, idadi hubadilika na bei hushuka siku hiyohiyo. Rekebisha idadi mara moja, la sivyo utaona "hasara" ambayo haipo.

Hatua ya pili: thamani ya siku ya kufunga

Chagua siku moja, mwisho wa mwezi, na uifuate bila kubadilisha. Anayechagua siku ya kupima baada ya kuona bei hajapima kitu.

Vipande vya mfuko vina bei zaidi ya moja. UTT AMIS, msimamizi wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja Tanzania, hutangaza thamani halisi ya kipande, bei ya kuuziwa wewe, na bei ambayo mfuko utakununulia tena. Tumia hii ya mwisho, maana ndiyo utakayolipwa ukitoka. Hisa tumia bei ya kufunga. Akaunti ya muda maalumu ongeza riba iliyokwisha kukua, ukitoa kodi.

Hatifungani ndizo zinazokosewa zaidi. Wengi huandika thamani ya usoni, yaani kiasi utakachorudishiwa ikiiva, mwaka hadi mwaka, kana kwamba bei yake haitembei. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Tanzania ilishusha riba ya hatifungani mpya za miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Aliyekuwa ameshika za 15.95 aliendelea kulipwa 15.95, na karatasi yake ikawa lulu: mnunuzi anayeridhika na 12.56 angeweza kuilipia karibu shilingi 125 kwa kila 100 za usoni. Geuza upande wa pili. Mwenye karatasi ya 12.56, soko likianza kudai asilimia 15, ataona bei yake ikishuka hadi karibu 84. Hajapoteza riba yake hata senti moja, lakini akilazimika kuuza leo, shilingi 16 katika kila 100 hazirudi.

Kwa hiyo andika safu mbili: thamani ya usoni, na bei ya soko la upili, ambako wenye hatifungani huziuza kabla ya kuiva. Kama unashika hadi siku ya kuiva, ya kwanza ndiyo ahadi uliyonayo. Kama huna uhakika wa kushika hadi mwisho, ya pili ndiyo kweli yako. Anayenunua karatasi ya miaka 25 akiwa na miaka 52 ajiulize kwa utulivu ni safu ipi inayomhusu.

Kiwanja kiweke kwenye ukurasa wake. Bei ya kiwanja ni maoni mpaka mnunuzi alipe, na ukichanganya maoni na bei za soko, asilimia yote inakuwa maoni.

Hatua ya tatu: geuza mkoba kuwa vipande

Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, hasa kwa kikundi. Inafanya kazi mbili kwa mpigo: inapima mkoba bila kuchanganywa na fedha zinazoingia na kutoka, na inagawa haki ya kila mwanachama kwa usahihi.

Siku ya kwanza amua kipande kimoja ni shilingi 1,000. Kikundi chetu cha milioni 10 kina vipande 10,000. Juni 30 thamani ni 11,500,000. Gawa kwa 10,000, bei ya kipande ni 1,150. Mwanachama mpya wa milioni 20 ananunua kwa bei hiyo: 20,000,000 gawa kwa 1,150 ni vipande 17,391.3. Sasa vipo 27,391.3. Desemba 31 gawa 29,610,000 kwa 27,391.3, unapata 1,081. Kipande kilianza 1,000 na kimemaliza 1,081. Ile ndiyo asilimia 8.1, na inaeleza jinsi mali zilizochaguliwa zilivyofanya kazi, bila kujali nani alileta fedha lini.

Angalia sasa mgawo. Waanzilishi wana vipande 10,000 mara 1,081, yaani shilingi 10,810,000. Mwanachama mpya ana karibu 18,800,000. Amepoteza asilimia 6, kwa sababu aliingia soko likiwa juu. Kikundi kinachogawa kwa uwiano wa michango kingewapa waanzilishi theluthi moja ya 29,610,000, yaani 9,870,000. Shilingi 940,000 zao zingehamia kwa mgeni, bila mtu yeyote kuiba. Vikundi hufarakana kwa jambo kama hili huku kila mmoja akiapa kuwa daftari ni safi, na kweli ni safi. Kilichokosekana ni bei ya kipande siku ile mgeni alipoingia.

Kanuni mbili zilinde hesabu hii. Kwanza, bei ya kipande ipigwe kabla ya fedha mpya kuingia au ya zamani kutoka, siku ileile. Pili, anayetoka auze vipande kwa bei ya siku baada ya kutoa gharama za kuuza mali, ili wanaobaki wasimlipie safari. Weka desimali angalau nne kwenye idadi ya vipande.

Hatua ya nne: fedha yako wewe imezaa nini

Bei ya kipande inapima mkoba. Haimpimi mtu aliyeamua lini aweke na lini atoe. Kwa hilo kuna fomula ya XIRR, ambayo hutafuta kiwango kimoja cha mwaka kinacholinganisha fedha zote zilizoingia na zilizotoka kwa tarehe zake.

Safu ya kwanza weka tarehe, ya pili kiasi. Fedha inayotoka mfukoni mwako iwe hasi, inayorudi kwako iwe chanya, na mstari wa mwisho uwe thamani ya leo kama chanya, utadhani umeuza kila kitu leo. Kwa mfano wetu: Januari 1 hasi 10,000,000, Julai 1 hasi 20,000,000, Desemba 31 chanya 29,610,000. Jibu ni karibu hasi asilimia 1.9. Ikikataa na kuandika #NUM!, mara nyingi umesahau alama ya hasi, au tarehe zako zimesomwa kama maneno, au hasara ni kubwa na fomula inahitaji kuanzishwa na kisio lako la jibu, linaloandikwa mahali pa tatu ndani ya fomula, mfano -0.1.

Njia ya kalamu na karatasi hutoa jibu la karibu sana. Chukua faida ya kipindi: thamani ya mwisho, toa thamani ya mwanzo, toa michango mipya. Igawe kwa thamani ya mwanzo ukiongeza kila mchango uliopunguzwa kwa sehemu ya kipindi uliyokaa. Hapa faida ni hasi 390,000. Chini kuna 10,000,000 na nusu ya 20,000,000, kwa kuwa ilikaa nusu mwaka: jumla 20,000,000. Jibu ni hasi asilimia 1.95.

Ziweke namba mbili pamoja: mkoba asilimia 8.1, fedha hasi 1.9. Pengo la asilimia 10 halikuletwa na mali mbaya. Limeletwa na wakati ambao fedha nyingi ziliingia. Mtu binafsi akiona pengo la namna hii mwaka baada ya mwaka, ajue tabia yake ya kununua baada ya kusikia habari nzuri inamgharimu zaidi kuliko ada yoyote.

Tahadhari juu ya XIRR: hugeuza kila kitu kuwa cha mwaka. Mfuko uliopanda asilimia 4 kwa mwezi mmoja utaonyesha asilimia 60 kwa mwaka. Kanuni za kimataifa za kutangaza matokeo ya uwekezaji, zile za GIPS, zinakataza kugeuza kipindi kilicho chini ya mwaka kuwa cha mwaka, na hata nyumbani kanuni hiyo inafaa. Chini ya miezi 12, sema tu "asilimia 4 kwa mwezi mmoja".

Vivyo hivyo usijumlishe asilimia za miaka na kugawa. Mkoba uliopanda asilimia 50 kisha ukashuka asilimia 40 una "wastani" wa 5 kwa mwaka, lakini milioni moja imekuwa 900,000. Zidisha: 1.5 mara 0.6 ni 0.9. Kipeuo cha pili cha 0.9 ni 0.949, yaani hasara ya asilimia 5.1 kila mwaka. Ukionyeshwa wastani wa miaka kwenye kipeperushi, uliza ulipatikana kwa kujumlisha au kwa kuzidisha.

Hatua ya tano: ondoa gharama, mfumuko wa bei na sarafu

Hisa 2,000 zimenunuliwa kwa 600. Baada ya mwaka bei ni 660 na gawio ni 50 kwa hisa. Mitaani watasema faida ni asilimia 18.3. Tuseme gharama za kununua na kuuza ni asilimia 2 kila upande. Ulilipa 1,224,000. Gawio baada ya kodi ni 95,000. Ukiuza, 1,320,000 zinabaki 1,293,600. Faida ni 164,600, sawa na asilimia 13.4. Karibu asilimia 5 zimeliwa njiani, na ndiyo maana kununua na kuuza kila baada ya miezi michache ni vigumu kulipa kwenye masoko yetu.

Mfumuko wa bei hautolewi, unagawanywa. Akaunti ya muda maalumu ya asilimia 8 hubaki 7.2 baada ya kodi Tanzania. Mfumuko wa mwaka 2024 ulikuwa wastani wa asilimia 3.1. Gawa 1.072 kwa 1.031: faida halisi ni asilimia 4.0. Sasa tazama Kenya, ambako mfumuko ulifika asilimia 9.6 Oktoba 2022. Aliyeweka fedha benki mwaka mmoja kabla kwa asilimia 7 alibaki na 5.95 baada ya kodi, na nguvu ya kununua ya fedha yake ikapungua kwa asilimia 3.3. Daftari lilionyesha faida. Sokoni Gikomba ilikuwa hasara.

Walio Muscat, London au Toronto wanaotuma fedha nyumbani wana safu moja zaidi: sarafu watakayoitumia mwishowe. Fomula ni moja ongeza faida ya shilingi, zidisha kwa kiwango cha kubadilishia cha mwanzo, gawa kwa cha mwisho, kisha toa moja. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 129. Aliyetuma dola Januari na kupata asilimia 8 ya shilingi kwa nusu mwaka aliondoka na asilimia 34 za dola. Aliyekaa Nairobi akaficha akiba kwenye dola kwa hofu alipoteza karibu asilimia 19 za shilingi. Februari ya mwaka huohuo serikali ya Kenya ilikuwa imetoa hatifungani ya miundombinu ya asilimia 18.46, wanunuzi wa nje wakaikimbilia, na shilingi ikageuka ghafla. Wiki chache kabla, karibu kila mtu alikuwa na hakika inaelekea kuanguka zaidi.

Hatua ya sita: mkoba kivuli

Asilimia 13 ni nzuri au mbaya? Haijulikani mpaka uilinganishe na kitu ambacho ungeweza kununua bila kujisumbua. Watu huchukua fahirisi ya soko, yaani namba inayofuata mwenendo wa bei za hisa kwa jumla, lakini fahirisi zetu zina mitego. DSEI ya Dar es Salaam inajumuisha kampuni za Kenya zilizoorodheshwa pande zote mbili, kwa hiyo hutikiswa na Nairobi. TSI ni ya kampuni za ndani tu. NASI ya Nairobi huelemewa na Safaricom. Na zote ni fahirisi za bei, hazina gawio ndani. Ukilinganisha mkoba wako wenye gawio na fahirisi isiyo na gawio, umejipendelea.

Njia safi ni hii. Fungua ukurasa wa pili. Kila unapoweka fedha kwenye mkoba wako halisi, andika ungepata vipande vingapi vya mfuko wa ukwasi (ule wa fedha inayotolewa haraka) au wa hatifungani kwa bei ya siku hiyohiyo. Ukitoa fedha, uza vipande vya kiasi kilekile. Mwisho wa mwaka zidisha vipande vya kivuli kwa bei ya mfuko. Kama kivuli kina 34,000,000 na wewe una 33,000,000, basi masaa yote ya kufuatilia bei yamekugharimu milioni moja. Namba hii inauma, lakini ni ya kweli, kwa sababu tarehe na viasi ni vyako mwenyewe. Chagua mfuko wa kivuli kabla ya mwaka kuanza na uuandike. Kuuchagua Desemba ni kujidanganya.

Bahati au ujuzi?

Tuseme umekipita kivuli kwa asilimia 3. Usisherehekee bado. Chukua tofauti za kila mwaka kati yako na kivuli, piga fomula ya STDEV, upate jinsi zinavyotawanyika. Miaka inayohitajika ili uanze kuamini kwamba si bahati ni kama hivi: mbili mara mtawanyiko, gawa kwa wastani wa ziada, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Mtawanyiko wa asilimia 15 na ziada ya 3: thelathini gawa kwa tatu ni kumi, mara kumi ni miaka 100. Mtawanyiko ukiwa asilimia 6, ni miaka 16. Msimamizi wa fedha anayekuonyesha miaka mitatu mizuri hajakuonyesha karibu chochote kuhusu ujuzi wake. Ada zake, kwa upande mwingine, zinajulikana leo, na zitakatwa kila mwaka.

Kipimo cha hatari kinachoeleweka haraka zaidi ni anguko kutoka kilele. Hisa ya Safaricom iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, ikafika karibu 45 Agosti 2021, na kufunga mwaka 2023 karibu 14. Ni anguko la asilimia 69. Kutoka 14 kurudi 45 kunahitaji kupanda asilimia 221. Aliyenunua 2008 bado alikuwa na faida nono. Aliyenunua Agosti 2021 alikuwa na karibu theluthi ya fedha yake. Kampuni ni ileile.

Kujipanga bila kutabiri

Hakuna hatua hapo juu inayokuambia kesho. Kinachowezekana ni kupanga fedha ili kesho mbaya isikulazimishe kuuza siku mbaya.

Anza na tarehe ya kuhitaji. Fedha ya ndani ya miezi 12, ada ya shule ya Januari, kodi ya nyumba, gharama za miezi sita kazi ikikatika, ikae kwenye mfuko wa ukwasi, akaunti ya benki au dhamana za serikali za siku 91 hadi 364. Ya miaka miwili hadi mitano ikae kwenye hatifungani zinazoiva kabla ya tarehe hiyo. Ya zaidi ya hapo tu ndiyo inaweza kwenda kwenye hisa na karatasi ndefu.

Kisha upige mkoba mapigo kwenye karatasi. Chukua milioni 30: hisa 12, hatifungani 10, ukwasi 8. Hisa zishuke nusu, bei ya hatifungani ishuke asilimia 15, na mshahara usimame miezi sita huku nyumba ikitumia milioni moja kwa mwezi, vyote kwa pamoja, kwa sababu katika mwaka mbaya huja pamoja. Hisa zinapoteza milioni 6, hatifungani 1.5, ukwasi unatumika 6. Inabaki milioni 16.5, lakini hakuna kilichouzwa kwa lazima. Ukwasi ungekuwa milioni 2 badala ya 8, ungeuza hisa kwa nusu bei ili ununue unga.

Pima pia siku za kutokea. Hisa zako gawa kwa robo ya wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku. Una 50,000, kwa siku zinauzwa 4,000. Ukichukua robo ni 1,000 kwa siku, yaani siku 50 za soko, wiki kumi. Bei ya kwenye skrini si ya kwako kwa wiki kumi. Na mlango unaweza kufungwa kabisa: hisa za Kenya Airways zilisimamishwa sokoni Julai 2020 na kurudi Januari 2025. Kwa hiyo weka kikomo cha kampuni moja, asilimia 10 au 15 ya mkoba, ukijiuliza swali moja tu: ikiwa sifuri kesho, maisha yanaendelea?

Anayependa kuona upana wa yajayo ajaribu hili kwenye jedwali. Andika =1+NORM.INV(RAND(),0.10,0.18) kwenye visanduku kumi mfululizo, wastani wa asilimia 10 na mtawanyiko wa 18, zidisha vyote kumi, kisha nakili mistari 1,000. Hesabu ya mstari mmoja husema milioni 1 itakuwa 2.59 baada ya miaka kumi. Mistari elfu itakuonyesha katikati ni karibu 2.3, asilimia 5 ya juu wanapita 5, na asilimia 5 ya chini wanaishia chini ya milioni moja waliyoanza nayo, baada ya muongo mzima. Panga ada ya chuo kwa namba ya chini. Na hata hiyo ya chini inategemea kwamba 10 na 18 ulizoandika ni sahihi, kwa hiyo rudia kwa 6 na 25 uone.

Kanuni za kurekebisha uwiano ziandikwe mkiwa watulivu: mfano hisa asilimia 40, na hakuna kuguswa mpaka zipite 50 au zishuke chini ya 30. Zikivuka, anza kurekebisha kwa michango mipya. Kuuza kuje mwisho kwa sababu ya ile asilimia 2 ya gharama za kununua na kuuza.

Mwisho, daftari dogo la maamuzi. Kabla ya kununua au kuuza, andika tarehe, sababu, unachotarajia, ifikapo lini, na uhakika wako kwa asilimia: "Kampuni italipa gawio lisilopungua la mwaka jana, uhakika 80." Usifute kitu. Baada ya maamuzi 20 uliyoandika 80, hesabu yaliyotimia. Yakiwa 16, unajijua vizuri. Yakiwa 11, basi unaposikia moyoni 80 ujue ni 55, na kiasi unachoweka kwenye wazo lijalo kipungue kwa kadiri hiyo.